Hewa Mbaya ya Mgodini na Jiko la Mkaa Chumbani



Wengi wetu katika Mkoa wa Ruvuma tunayajua makaa ya mawe kwa macho. Malori yanayotoka Ngaka, Wilaya ya Mbinga, hupita barabarani yamejaa mawe meusi. Uchimbaji huo ulianza mwaka 2011 katika kijiji cha Ntunduwaro. Ukifika pale utaona shimo kubwa lililo wazi juu. Mashine huondoa udongo, kisha huchota makaa. Wafanyakazi wako nje, jua linawawakia na upepo unawapiga. Vumbi lipo, tena jingi. Lakini upepo huo ni bahati kubwa, na sasa utaona kwa nini.

Mahali pengi duniani makaa ya mawe yako chini sana. Watu huchimba njia ndefu ndani ya ardhi, kama panya anavyochimba. Hata hapa nchini, kule Kiwira, makaa yaliwahi kuchimbwa kwa njia hizo za chini. Huko ndani hakuna upepo. Hewa hupelekwa kwa mashine. Mashine ikisimama, au hewa ikichafuka, mtu hana pa kukimbilia.

Leo nataka tuzungumze juu ya hewa hiyo. Usiseme, "Mimi ni mkulima wa mahindi, migodi inanihusu nini?" Hewa iliyoua wachimbaji wengi kuliko moto ndiyo hiyo hiyo inayotoka katika jiko lako la mkaa.

MLIPUKO WA WANKIE

Katika nchi ya Zimbabwe, karibu na maporomoko ya Victoria, kuna mji unaoitwa Hwange. Zamani uliitwa Wankie, na nchi iliitwa Rhodesia. Mji huo uliota juu ya makaa ya mawe.

Tarehe 6 Juni, 1972, asubuhi, watu walikuwa kazini chini ya ardhi katika mgodi namba 2. Mara mgodi ukalipuka. Watu waliokufa walikuwa zaidi ya 420. Hakuna mlipuko wa mgodi wa makaa ya mawe uliokwisha ua watu wengi hivyo katika sehemu zetu hizi za Afrika.

Waokoaji walijaribu kuingia. Walikuta njia zimeziba, na hewa ya ndani imekuwa sumu. Baada ya siku chache kazi ya kuokoa ilisimamishwa. Miili mingi haikutolewa. Mgodi ulifungwa, na ardhi ile ikawa kaburi lao mpaka leo. Wake na watoto walibaki bila hata mahali pa kutupia udongo.

Waliofanya kazi katika migodi ya kusini hawakuwa wenyeji wa huko peke yao. Walitoka nchi nyingi. Wazee wachache waliobaki wanalikumbuka jina la WENELA, chama kilichoandika vijana katika nyanda za kusini za Tanganyika na kuwapeleka Afrika ya Kusini kuchimba dhahabu. Baada ya uhuru serikali yetu ilisimamisha uandikishaji huo. Wengi wa vijana hao walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine walirudi na kifua kibovu, kwa sababu ya kuvuta vumbi la mawe miaka mingi. Ugonjwa huo wa vumbi haurudi nyuma, na mapafu yaliyoharibika nao hushikwa upesi na kifua kikuu. Ukiwa umewahi kuchimba madini, na sasa unakohoa majuma mawili au zaidi, nenda zahanati ukamweleze mganga kwamba ulikuwa mchimbaji. Usingoje aulize.

KWA NINI MGODI HULIPUKA?

Makaa ya mawe ni mimea ya zamani sana iliyofukiwa ardhini na kukandamizwa. Wakati mimea ile ilipokuwa ikigeuka kuwa makaa, ilitoa gesi. Gesi hiyo huitwa methani. Haina rangi wala harufu. Hujificha ndani ya makaa. Mchimbaji akipasua makaa, gesi hutoka.

Methani ikiwa kidogo sana hewani, hailipuki. Ikiwa nyingi mno, hailipuki pia, kwa sababu imefukuza oksijeni, na moto hauwaki bila oksijeni. Hatari iko katikati. Katika sehemu 100 za hewa, methani ikifika sehemu 5 mpaka 15, cheche moja yatosha. Cheche hiyo yaweza kutoka kwenye kiberiti, waya wa umeme, au sururu iliyogonga jiwe.

Lakini methani peke yake mara nyingi huanzisha tu. Anayemaliza kazi ni vumbi. Fikiri juu ya kuni. Gogo la mti huchelewa kuwaka. Vijiti huwaka upesi. Takataka za randa huwaka upesi zaidi. Sasa chukua kitu kile kile ukisage kiwe vumbi laini, ukirushe hewani. Kila chembe imezungukwa na hewa, na zote zitawaka kwa mara moja. Ndivyo lilivyo vumbi la makaa ya mawe. Mlipuko mdogo wa methani hulitimua vumbi lililolala sakafuni, nalo linawaka, linatimua vumbi jingine mbele, nalo linawaka. Moto hukimbia kilometa nzima kabla mtu hajageuza shingo. (Hata vumbi la unga laweza kulipuka. Kwa hiyo katika nyumba ya mashine ya kusaga fagieni vumbi kila siku, na msivute sigara humo ndani.)

Watu walichelewa kujua nguvu ya vumbi. Waliojifunza kwa uchungu ni Wafaransa. Tarehe 10 Machi, 1906, migodi ya Courrières, kaskazini ya Ufaransa, ililipuka. Watu 1,099 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto wa kiume waliokuwa wakifanya kazi chini. Waokoaji walikwisha kata tamaa. Baada ya siku 20, watu 13 walitokea wenyewe kutoka gizani, wakiwa hai. Siku chache baadaye akapatikana mwingine mmoja. Wachimbaji walikasirika mno, maana walijiuliza: je, wengine wangapi walikuwa hai wakati tulipoacha kuwatafuta? Nao walikuwa wamekwisha goma hata kabla ya hapo.

Tangu siku zile wataalamu walifundisha kunyunyiza vumbi la mawe, kama la chokaa, katika njia za mgodi. Vumbi la mawe haliwaki. Likichanganyika na vumbi la makaa hupunguza nguvu ya moto. Ni dawa rahisi kabisa. Hata hivyo watu waliendelea kufa, maana kujua dawa na kuinunua ni mambo mawili.

Tazama Senghenydd, kule Wales, Uingereza. Mwaka 1901 mgodi huo ulilipuka na kuua watu 81. Tarehe 14 Oktoba, 1913, ulilipuka tena na kuua wachimbaji 439. Kesi ilipokwisha, meneja wa mgodi alitozwa faini ya pauni 24. Wakati ule pauni moja ilikuwa shilingi 20. Wewe uliyejifunza hesabu katika darasa la watu wazima, chukua kalamu. Pauni 24 ni shilingi 480. Gawanya kwa watu 439. Utapata shilingi moja na senti kidogo kwa kila mtu. Kuku wa wakati ule pengine alikuwa na bei zaidi.

HEWA INAYOBAKI BAADA YA MOTO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Watu hudhani kwamba katika mlipuko wa mgodi wengi hufa kwa moto au kwa kuangukiwa na mawe. Sivyo. Mara nyingi wengi hufa baadaye kidogo, wakiwa mbali na moto, bila hata jeraha. Huuawa na hewa inayobaki.

Mahali panapoungua pakiwa na oksijeni ya kutosha, moto hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Oksijeni ikiwa haba, moto hutoa hewa nyingine, kaboni monoksaidi. Hii ndiyo mbaya. Haionekani. Hainuki. Haiwashi macho wala koo. Ukiivuta hujui.

Inauaje? Damu yako ina kazi ya kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Fikiri kwamba damu ni basi na oksijeni ni abiria. Abiria huyu hupanda mapafuni, hushuka kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye misuli, na kiti kinabaki wazi kwa mwingine. Kaboni monoksaidi ni abiria mkaidi. Damu humshika kwa nguvu kuliko oksijeni, zaidi ya mara 200, naye akikaa hashuki upesi. Kidogo kidogo viti vyote vinajaa wakaidi. Basi linaendelea kutembea, lakini halibebi oksijeni. Ubongo na moyo vinakufa njaa wakati kifua bado kinapumua.

Kule Benxihu, China, mwaka 1942, nchi ikiwa chini ya Wajapani, mgodi wa makaa ulishika moto. Wakubwa walizima mashine za hewa na kuziba mgodi ili moto ufe, na watu wakiwa bado ndani. Walikufa watu 1,549. Uchunguzi uliofanywa baada ya vita ulionyesha kwamba wengi wao waliuawa na kaboni monoksaidi. Hakuna msiba mwingine wa mgodi wa makaa ya mawe unaojulikana kuua watu wengi kuliko huo. Wala jambo hili halijawa la kale: mwaka 2014, mwezi wa Mei, watu 301 walikufa katika mgodi wa Soma, Uturuki, na wengi wao ni kwa hewa hiyo hiyo.

Kwa kuwa mtu hawezi kuinusa, wachimbaji wa Uingereza walichukua ndege wadogo wa manjano katika vizimba wakaingia nao mgodini. Ndege mdogo hupumua haraka sana, kwa hiyo sumu humpata kabla ya mtu. Ndege akianguka, wote hukimbia. Walitumia ndege hao mpaka mwaka 1986, vilipopatikana vyombo vizuri vya kupimia.

HAPA KWETU

Tanzania ina misiba yake ya machimbo, ingawa si ya makaa ya mawe. Kule Mererani, panapotoka tanzanaiti, makumi ya wachimbaji walikufa mwaka 1998 mvua kubwa zilipojaza mashimo. Mwaka 2008 mvua zikawaua wengine makumi. Na katikati ya miaka hiyo, mwezi wa Juni 2002, karibu watu 40 walikufa pale pale kwa kukosa hewa safi. Mashine iliyokuwa ikisukuma hewa kwenda chini iliharibika, wao wakiwa shimoni.

Baruti pia hutoa hewa ya sumu. Vijana wetu wanaokwenda kutafuta vito Tunduru, au dhahabu mahali pengine, wakumbuke hilo. Baada ya kulipua, usiingie shimoni mpaka hewa imesafishwa na moshi umetoka wote. Mwenye shimo atakuharakisha. Mwache aharakishe.

Hewa ikiwapo, mwanadamu ni mgumu kufa. Katika machimbo ya Nyangalata, Wilaya ya Kahama, mwaka 2015, shimo liliwafunika watu 6. Mmoja alifia chini. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yaliyodondoka. Bila chakula cha kawaida walikaa siku 41. Bila hewa safi wasingekaa nusu saa.

JIKO LA MKAA CHUMBANI

Miezi ya Juni na Julai hapa Songea ni baridi. Kule juu Umatengo ni baridi zaidi. Mama anamaliza kupika, jiko bado lina mkaa mwekundu. Anasema, "Moshi umekwisha, sasa ni joto tu." Analiingiza chumbani, anafunga mlango na dirisha, anaziba na nyufa kwa matambara ili watoto wasipate baridi. Wanalala.

Sasa, ndugu msomaji, chumba hicho kina tofauti gani na mgodi? Moto unawaka, hewa haiingii, oksijeni inapungua, na kaboni monoksaidi inajaa. Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya watu, kwa sababu moshi ungewakohoza wakaamka. Kuweka sufuria ya maji karibu na jiko hakusaidii kitu. Mawe ya Ngaka nayo, mtu akiyaokota na kuyachoma ndani ya nyumba, ni hatari kama mkaa, na moshi wake ni mbaya zaidi.

Asubuhi moja ya Julai waliletwa zahanati kwetu baba, mama na watoto watatu. Wote walikuwa wanaumwa kichwa na kutapika. Jirani aliyewaleta alisema ni malaria, akataka wapewe dawa upesi waondoke. Tulipima. Hakuna aliyekuwa na homa, na kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikauliza, "Jana usiku mlilala na jiko?" Mama akanitazama kama nimepiga ramli.

Hakuna ramli. Malaria haiwashiki watu watano wa nyumba moja kwa usiku mmoja. Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kizito, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, wala hawana homa, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu, mfikirie jiko kwanza. Na wakikutwa wamekufa wote kitandani bila jeraha, watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amewaroga, angalieni kwanza kama kuna jiko chumbani. Vikongwe wasio na kosa wamesumbuliwa kwa kifo kilichosababishwa na mkaa wa kilo mbili.

Mama mwenye mimba aogope zaidi, kwa kuwa mtoto tumboni huumia kwa sumu hii hata pale mama anapojiona hajambo sana.

Basi pikeni mahali penye hewa. Jiko lilale nje. Kama baridi ni kali, watoto walale pamoja, wavae nguo nzito, au mawe yapashwe moto nje, yakaangaliwe yasiunguze, yafungwe kwa nguo na kuwekwa miguuni. Bibi zetu walijua hayo kabla mkaa haujaanza kuuzwa kwa gunia.

VISIMA NA VYOO VYA SHIMO

Shimo refu ni mgodi mdogo. Hewa mbaya hutuama chini kama maji. Kisima kilichofunikwa muda mrefu, au choo kilichokwisha tumika, hakiingiwi hivi hivi. Na pampu ya petroli isishushwe kisimani hata kidogo, maana moshi wake una kaboni monoksaidi nyingi, na mchimbaji ataanguka kabla ya kupiga kelele.

Watu wengine hushusha taa ya kibatari kupima hewa. Taa ikizimika, ni kweli hapafai. Lakini taa ikiendelea kuwaka usifurahi, kwa sababu kaboni monoksaidi haizimi taa. Na kama kuna harufu ya petroli, au ni choo kilichotumika, usishushe moto kabisa. Mchimbaji afungwe kamba kifuani kabla ya kushuka, na watu wawili wenye nguvu wakae juu wakizungumza naye. Akiacha kujibu, wamvute.

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi. Kaka ameanguka kisimani, mdogo wake anarukia kumwokoa, naye anaanguka. Baba anafuata. Mnazika watatu mahali pa mmoja. Najua ni vigumu kusimama juu ya shimo na kumtazama nduguyo chini. Lakini ukiingia bila kamba na bila hewa, hukumsaidia, umemwongezea mwenzake. Vuteni kwa kamba. Pepeeni hewa. Kama hakufungwa kamba, iteni Zimamoto na watu wenye vyombo.

Mtu akiwa chumbani ni rahisi zaidi. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango na dirisha, mburute nje upesi. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Kama hapumui, mpulizie hewa mdomoni huku umembana pua, na mwingine atafute gari. Msimnyweshe maziwa. Watu wengi huamini kwamba maziwa huondoa sumu ya kila namna, lakini sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na mtu asiye na fahamu maziwa yatamwingia mapafuni.

Dawa yake ni oksijeni. Zahanati nyingi hazina mtungi wa oksijeni, kwa hiyo aliyezimia asicheleweshwe kwetu. Apelekwe moja kwa moja hospitali, kama ile ya mkoa hapa Songea, au Peramiho, au Litembo kwa watu wa Mbinga. Hata aliyezinduka na kusema amepona apelekwe, kwani sumu hii yaweza kurudi kumsumbua kichwani siku kadhaa baadaye: akasahausahau, au akatembea kama mlevi. Mkifika, mwambieni mganga mambo matatu: mlimkuta wapi, alikaa humo kwa saa ngapi, na ni nini kilichokuwa kinawaka.